Kupima Lugha ya Mtoto Anayezungumza Kihispania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu watoto wanaosoma Marekani na ambao nyumbani kwao kunazungumzwa Kihispania. Yameandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu, wakalimani, wanafunzi wa tiba ya usemi na lugha, na wazazi wanaolea watoto katika lugha mbili au tatu. Kati ya watoto wa lugha mbili nchini Marekani, wa Kihispania ndio waliochunguzwa kuliko wengine wote. Kwa hiyo makosa yaliyofanyika kwao, na njia zilizopatikana za kuyarekebisha, tunazijua kwa kina.

Tatizo la ukuaji wa lugha ni nini hasa?

Ni hali ya mtoto ambaye masikio yake ni mazima, akili yake inafanya kazi, hana jeraha la ubongo, amelelewa na watu wanaoongea naye, lakini lugha haimkai. Anachelewa kuunganisha maneno, anasahau maneno aliyokwisha kuyasikia mara nyingi, sentensi ndefu zinamshinda, na hadithi anaisimulia vipande vipande. Utafiti mkubwa wa majimbo ya Iowa na Illinois, uliochapishwa 1997, ulikuta hali hii kwa asilimia 7.4 ya watoto wa chekechea. Uliofanyika Uingereza na kuchapishwa 2016 ulipata karibu namba hiyohiyo. Katika darasa la watoto 30, tarajia wawili.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: tatizo liko kwa mtoto, haliko katika lugha moja. Mtoto wa lugha mbili aliye nalo atahangaika katika Kihispania na katika Kiingereza pia. Akiwa anahangaika katika Kiingereza tu, na kwa Kihispania anasimulia, anabishana na kuwachekesha wenzake, huyo hana tatizo la lugha. Anajifunza Kiingereza, na kazi hiyo inachukua miaka.

Mbona shule zinashindwa kuwatofautisha?

Kwa sababu kwa mwalimu anayejua Kiingereza peke yake, watoto hawa wawili wanafanana. Wote wanaacha viambishi vya vitenzi, wote wananyamaza wakiulizwa, wote wanafuata maelekezo kwa kuangalia jirani kafanya nini. Shule za umma za Marekani zina zaidi ya wanafunzi milioni 5 wanaojifunza Kiingereza, na robo tatu hivi ya hao wanatoka nyumba za Kihispania. Upande wa pili, wataalamu wa usemi na lugha wanaoweza kutoa huduma kwa lugha mbili hawafiki asilimia 10 ya wataalamu wote. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia.

Suala hili lilianza lini kufika mahakamani?

Kesi inayotajwa siku zote ni ya Diana dhidi ya Bodi ya Elimu ya California, ya 1970. Watoto tisa wenye asili ya Meksiko, wa familia za vibarua wa mashambani katika kaunti ya Monterey, walikuwa wamewekwa kwenye madarasa ya waliokuwa wakiitwa wenye upungufu wa akili. Walikuwa wamepimwa akili kwa Kiingereza. Walipopimwa upya na mtu aliyejua Kihispania, wengi wao walivuka kiwango kilichowaweka kule. Kesi ilimalizika kwa makubaliano kwamba mtoto apimwe kwa lugha anayoijua zaidi, na kwamba alama zinazotegemea mno msamiati wa Kiingereza zisitumike kumhukumu.

Kilichopimwa pale ni akili, si lugha. Lakini somo ni lilelile, na kwa upimaji wa lugha lina uzito zaidi, kwa sababu hapa lugha ndiyo yenyewe inayopimwa.

Sheria ya sasa inasema nini?

Sheria ya shirikisho ya elimu maalumu, IDEA, iliyopewa jina hilo 1990 na kurekebishwa 2004, inaitaka shule impime mtoto kwa lugha yake na kwa njia itakayotoa taarifa sahihi zaidi, isipokuwa pale ambapo ni wazi kwamba haiwezekani. Vipimo visiwe vya ubaguzi wa rangi wala wa utamaduni. Kipimo kimoja hakitoshi kuamua. Na mtoto asihesabiwe kuwa na ulemavu iwapo sababu kuu ya shida yake ni kutojua Kiingereza vizuri.

Yale maneno ya "isipokuwa pale ambapo haiwezekani" ndiyo mlango ambao shule nyingi hupitia. Mzazi akiambiwa hakuna mpimaji wa Kihispania, ana haki ya kuuliza ni nani aliyetafutwa, wapi, na lini.

Si watafsiri tu jaribio la Kiingereza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana.

Jaribio la lugha si orodha ya maswali tu. Maswali yamepangwa kutoka jepesi hadi gumu, na ugumu huo ni wa lugha husika. Neno ambalo kwa Kiingereza mtoto wa miaka mitatu analijua, kwa Kihispania linaweza kuwa refu, la nadra, au halina mwenzake kabisa. Ukitafsiri, mpangilio unavurugika. Majaribio mengi humsimamisha mtoto baada ya kukosa maswali kadhaa mfululizo, kwa hiyo anaweza kusimamishwa kabla hajafika kwenye yale anayoyaweza.

Pili, lugha hazivunjiki mahali pamoja. Mtoto anayezungumza Kiingereza na mwenye tatizo hukwama kwenye viambishi vya wakati, hasa kile cha wakati uliopita na ile *s* ya nafsi ya tatu. Mwenzake wa Kihispania vitenzi havimsumbui kiasi hicho. Yeye hukwama kwenye vijineno *el, la, los, las* vinavyotangulia nomino, kwenye vitenzi vya hali ya matakwa (kama "aende" katika "nataka aende"), na zaidi kwenye vile vijineno vidogo vinavyomwakilisha mtendwa.

Msemaji wa Kiswahili ataelewa hili la mwisho bila shida. Mtoto anaonyeshwa picha ya msichana na mbwa kwenye beseni, anaulizwa msichana anamfanya nini mbwa. Kwa Kihispania jibu linalotarajiwa ni *lo lava*, yaani "anamwosha". Ile *lo* inafanya kazi ya *-mw-* yetu. Mtoto mwenye tatizo mara nyingi atasema *lava* peke yake, kama mtu anayesema "anaosha" huku mbwa yuko mbele yetu na ndiye aliyeulizwa. Kijineno ni kifupi, hakina mkazo, sikio linakipita. Jaribio lililotafsiriwa kutoka Kiingereza halitauliza kitu hiki, kwa sababu kwa Kiingereza hakuna haja ya kukiuliza. Litamkagua mtoto pale ambapo hana shida na kuruka pale anapoumia.

Kihispania si kimoja. Lahaja zinaingiaje?

Zinaingia kwa nguvu. Mtoto wa Puerto Rico au wa Jamhuri ya Dominika huidhoofisha *s* ya mwisho wa silabi au huiacha kabisa. *Los gatos*, paka wengi, kinywani mwake husikika kama *lo gato*. Ndivyo mama yake anavyosema, na mwalimu wake, na mtangazaji wa mpira. Mpimaji aliyejifunza Kihispania cha Meksiko ataandika kwamba mtoto hajui wingi. Kila *s* iliyodondoka inakuwa kosa, na makosa kumi ya namna hiyo yanatosha kumpeleka mtoto mzima kwenye elimu maalumu.

Msamiati nao ni hivyohivyo. Basi ni *camión* kwa Mmeksiko na *guagua* kwa watu wa visiwa vya Karibi, na hiyo *guagua* ukienda Chile ni mtoto mchanga. Tiara ni *papalote*, *chiringa*, *cometa*, *barrilete* au *volantín*, inategemea umezaliwa wapi. Jaribio linalokubali neno moja tu katika hayo linapima uraia. Kabla ya kuanza, mpimaji aketi na mzazi wapitie picha na kuandika nyumbani kwao kila kitu kinaitwaje. Hiyo ni kazi ya nusu saa, na sioni udhuru wa kuiruka.

Mtoto wangu amepata alama 78. Maana yake nini?

Majaribio mengi yanapangwa wastani uwe 100, na sehemu kubwa ya watoto waangukie kati ya 85 na 115. Alama 78 inamweka mtoto karibu na wale saba wa chini katika kila mia.

Uliza: mia gani? Alama hiyo ni ulinganisho na watoto waliotumika kuandaa jaribio. Kama walikuwa watoto wa lugha moja huko Meksiko au Hispania, wanaosikia Kihispania asubuhi hadi usiku na kufundishwa kwa Kihispania, basi mtoto wa Chicago aliyeanza shule ya Kiingereza akiwa na miaka minne analinganishwa na watu wasiofanana naye. Kama walikuwa watoto wa Kiingereza pekee, ni vibaya zaidi. Mwongozo wa jaribio hueleza waliopimwa walikuwa akina nani. Mwombe mpimaji akusomee ukurasa huo.

Jaribio "sahihi" ni sahihi kiasi gani?

Kuna maswali mawili. Katika watoto mia wenye tatizo kweli, jaribio linawakamata wangapi? Na katika mia wasio nalo, linawaachia wangapi? Tangu 1994 wataalamu wengi hutumia kigezo cha watafiti Elena Plante na Rebecca Vance: 80 kwa mia inavumilika, 90 ni nzuri. Uchambuzi wa majaribio 43 uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba machache tu ndiyo yaliyokuwa na ushahidi wa kufikia kigezo hicho, ilhali yote yalikuwa sokoni na yanatumika.

Tufanye hesabu. Shule ina watoto 1,000, na 70 wana tatizo. Ukiwapima wote kwa jaribio linalopata 80 kwa mia katika maswali yote mawili, utawakamata 56 na kuwakosa 14. Kati ya 930 walio wazima, utawashuku bure 186. Orodha yako ina majina 242, na zaidi ya theluthi mbili ni watoto wasio na shida. Kwa kawaida shule hupima watoto walioshukiwa tayari, na hapo hesabu inakuwa afadhali. Lakini kwa mtoto wa Kihispania, kilichomfanya ashukiwe mara nyingi ni Kiingereza chake tu, kwa hiyo mchujo wa kwanza haukuchuja kitu.

Mtoto anachanganya lugha, neno hili huku, lingine kule. Ni dalili?

Si dalili. Mambo ya jikoni na ya bibi anayajua kwa Kihispania, mambo ya darasani anayajua kwa Kiingereza. Ukihesabu lugha moja, msamiati unaonekana mdogo. Ukihesabu vitu anavyovijua, kwa lugha yoyote ile, mara nyingi yuko sawa na wenzake. Ndiyo sababu baadhi ya vipimo vya msamiati sasa hukubali jibu la lugha yoyote. Kwa sarufi njia hiyo haifai, sarufi ipimwe kila lugha peke yake.

Kosa lipi ni kubwa: kumbandika mtoto mzima tatizo, au kumpita mwenye tatizo?

Kwa miaka mingi kelele ilikuwa kwa la kwanza, na kwa haki kabisa. Lakini uchambuzi wa Jennifer Samson na Nonie Lesaux wa 2009, uliotumia takwimu za kitaifa, ulionyesha picha yenye pande mbili. Watoto wa nyumba zisizo za Kiingereza walikuwa wachache kuliko inavyotarajiwa katika elimu maalumu wakiwa chekechea na darasa la kwanza. Kufika darasa la tatu walikuwa wengi kuliko inavyotarajiwa.

Kwa nini? Shule zinaogopa kukosea, zinasema "tumpe muda ajifunze Kiingereza". Miaka miwili inapita. Kusoma kunaanza kuwa kwa kuelewa badala ya kutamka herufi, mtoto anaanguka, na ghafla kila mtu ana haraka. Aliye na tatizo kweli amepoteza miaka ambayo msaada ungemfaa zaidi. Binafsi huyu ndiye anayenihuzunisha kuliko wote, kwa sababu aliyebandikwa bure huwa na mzazi anayepiga kelele. Huyu aliyepitwa huambiwa ni mvivu, na baada ya muda mwenyewe anaamini.

Kungoja si uangalifu. Mtoto wa lugha mbili anaweza kupimwa mapema, ilimradi apimwe katika lugha zote mbili.

Kuna jaribio lililotengenezwa kwa watoto hawa?

Lipo. Linaitwa BESA, kifupi cha jina lake la Kiingereza, na liliandaliwa na Elizabeth Peña, Vera Gutiérrez-Clellen, Aquiles Iglesias, Brian Goldstein na Lisa Bedore kwa watoto wa miaka minne hadi kabla ya kutimiza saba. Sehemu ya Kihispania na ya Kiingereza hazikutafsiriwa kutoka moja kwenda nyingine. Kila moja inagusa pale ambapo lugha yake hukatika. Watoto waliotumika kulinganisha ni wa lugha mbili wa Marekani, na hukumu hutegemea lugha ambayo mtoto anaiweza zaidi katika eneo husika. Upungufu wake uko wazi: mtoto wa miaka tisa haliwezi kumsaidia.

Kipo pia kipimo cha kurudia maneno ya kubuni, yasiyo na maana. Kinapunguza faida ya msamiati, lakini sauti za maneno hayo bado ni za lugha fulani, kwa hiyo kisitumike peke yake.

Nimesikia kuna kupima kwa kufundisha. Ni nini?

Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya haki kuliko zote. Mpimaji anampima mtoto, anamfundisha kitu kile kwa muda mfupi, halafu anampima tena. Kinachotazamwa si alama ya kwanza bali mtoto amejifunza vipi: alihitaji msaada kiasi gani, alikumbuka, aliweza kukitumia mahali pengine?

Mwaka 1992 Peña, Rosemary Quinn na Iglesias waliitumia njia hii kwa watoto wadogo, wengi wao wa asili ya Puerto Rico na Waamerika Weusi. Kazi ilikuwa kutaja majina ya vitu. Wengi walikuwa wakianguka, kwa sababu nyumbani kwao mtu mzima hamwulizi mtoto jina la kitu ambacho mtu mzima mwenyewe anakijua. Na kwetu je? Mtoto hutumwa "niletee kijiko", haonyeshwi kijiko akaulizwa "hiki ni nini?" Ukimwuliza, atakujibu "cha kulia", na kwenye karatasi ni sifuri. Watoto walipoelekezwa kwamba mchezo huu unataka jina, wasio na tatizo walipanda haraka. Wenye tatizo walipanda kidogo tu. Alama ya kwanza ilikuwa imewaficha wote pamoja.

Neno la mama lina uzito gani?

Mkubwa. Adelaida Restrepo, katika utafiti wa 1998 juu ya watoto wanaozungumza zaidi Kihispania, alionyesha kwamba wasiwasi wa mzazi juu ya lugha ya mtoto, ukijumlishwa na hesabu ya makosa ya sarufi katika usemi wa mtoto mwenyewe, unawatenganisha wenye tatizo na wasio nalo vizuri sana.

Mama aulizwe mambo ya kushikika. Alianza kuunganisha maneno mawili lini? Ndugu zake walikuwaje katika umri huu? Binamu zake wanamwelewa? Katika ukoo kuna aliyechelewa kusema? Mama aliyelea watoto wanne ana cha kulinganisha nacho.

Mkalimani anatosha?

Anasaidia, akiandaliwa. Aone maswali kabla, aelezwe kwa nini haruhusiwi kufafanua, na baada ya kikao aulizwe mtoto alisemaje, si alisema nini tu. Asiyeandaliwa, kwa huruma yake, atakaza sauti kwenye neno la jibu au atatupia jicho picha iliyo sahihi. Au atanyoosha sentensi mbovu ya mtoto anapoitafsiri, na ule ubovu ndio tuliokuwa tunautafuta. Kaka au dada wa mtoto asitumike kabisa.

Tumeambiwa tuache Kihispania ili mtoto apone. Tufanye hivyo?

Msifanye. Johanne Paradis na wenzake, 2003, waliwalinganisha watoto wa Kanada wenye tatizo wa Kifaransa na Kiingereza na wenzao wenye tatizo wa lugha moja, na wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma zaidi. Kuondoa lugha ya nyumbani hakuondoi tatizo, kunamwondolea mtoto watu wa kuzungumza naye.

Kama kwenye fomu imeandikwa "Kihispania" lakini si kweli?

Hutokea kwa familia za Guatemala na kusini mwa Meksiko zinazozungumza Mam, K'iche' au Kimisteki. Mtoto anapimwa kwa Kihispania, lugha ambayo kwake ni ya pili au ya tatu. Mzazi aulizwe lugha ya kulala na kuamka, asiulizwe nchi.

Na sisi wa Kiswahili tulioko Marekani?

Hali yetu inafanana na ya hao wa Guatemala. Fomu itasema "Kiswahili", ilhali mtoto wa familia ya Kivu ya Kusini anaweza kuwa amelelewa kwa Kibembe au Kinyamulenge, na Kiswahili chake ni cha Bukavu au cha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, si cha vitabuni. Kwenye pwani ya Kenya, Katie Alcock na wenzake walirekebisha orodha ya kumwuliza mzazi maneno ya mtoto mdogo, kwa Kiswahili na Kigiriama, wakachapisha matokeo 2015. Ni kazi nzuri, lakini ni ya watoto wadogo sana na ya pwani. Kwa mtoto wa shule, msisitizie mpimaji njia zisizohitaji jaribio la kununua: hadithi ya mtoto irekodiwe kwa lugha ya nyumbani, mzazi ahojiwe, mtoto afundishwe kisha apimwe.

Ombi la kupimwa liandikwe, liwekewe tarehe, na nakala ibaki kwako. Muda wa kisheria, ambao ni siku 60 pale jimbo lisipokuwa na muda wake, huanza kuhesabiwa shule ikishapokea ridhaa yako ya maandishi, si siku mliyozungumza na mwalimu mlangoni. Na usipokubaliana na matokeo, unaweza kudai mtoto apimwe upya na mtaalamu wa nje kwa gharama ya shule; shule ikikataa, ni juu yake kwenda kutetea upimaji wake mbele ya msikilizaji wa mashauri.